Sura ya Mwizi Asiyeonekana

Mchezo wa redio wa uhalifu hauna picha, na upungufu huo ndio uliouongezea umri. Jicho hupewa mwizi aliyekwisha kutengenezwa, kovu na nguo zake zote. Sikio hupewa sauti tu, na sura humlazimu msikilizaji kuichora mwenyewe. Swali la kimaadili linaanzia hapo: anamchora mwizi kwa kumfananisha na nani?

Tarehe 25 Mei 1943, kipindi cha Suspense cha shirika la CBS nchini Marekani kilirusha mchezo wa Lucille Fletcher, Sorry, Wrong Number. Mwanamke mgonjwa, asiyeweza kutoka kitandani, anasikia kwenye simu zilizoingiliana watu wawili wakipanga mauaji. Anaomba msaada huku na huku, lakini sauti yake inakera, na hakuna anayemjali. Kumbe aliyepangiwa kufa ni yeye. Msikilizaji aliyechoshwa na makelele yake hutanabahi, akiwa amechelewa, kwamba alikuwa upande wa waliompuuza.

Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, jina lililotoka kwenye methali isemayo pwagu hupata pwaguzi. Humo hapakutawala mpelelezi mwenye busara kama Bwana Msa wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. Walaghai ndio waliobeba mchezo, nasi tukacheka pamoja nao kabla ya kuuliza nani ametapeliwa. Huko kero, huku kicheko. Kote msikilizaji amekwisha hukumu kabla ya ushahidi.

Hata hivyo, tusilitakase sikio. Nalo lina ubaguzi wake, na jina la ubaguzi huo ni lafudhi. Zamani dawa yake ilikuwa baraza: redio moja, wasikilizaji wengi, kila mmoja na mshukiwa wake. Aliyemshuku fulani kwa matamshi yake alilazimika kulisema jambo hilo mbele ya jirani mwenye matamshi hayohayo.

Huko Muaither, magharibi mwa Doha, suala hili si la kumbukumbu tu. Mlinzi kutoka Afrika Mashariki hushinda langoni akisoma nyuso za watu, naye akisomwa kwa sare na kitambulisho chake. Usiku, katika chumba cha watu kadhaa, akiufungua mchezo wa zamani kwenye simu, huvaa spika za masikioni ili asimwamshe mwenzake anayesubiri zamu. Amepata saa moja isiyo na nyuso, lakini amekuwa hakimu asiye na wazee wa baraza. Akimshuku mtu bure, hakuna wa kumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo simu inapotiwa ndani ya sufuria siku ya Ijumaa ili sauti ivume, na Mkenya, Mganda na Mtanzania wakabishana nani kaiba, tusiseme wanapoteza muda kwa michezo ya kale. Kila mmoja anatakiwa kuitetea shuku yake mbele ya wale ambao huenda ndio anaowashuku.