Karatasi Haijui Kesho Yako



Wapendwa vijana, tunaolea watoto wa Utoto Mtakatifu tunaijua ile karatasi ya kukunja. Unakata karatasi ya daftari iwe mraba, unakunja pembe nne zije katikati, unageuza, unakunja tena, unaingiza vidole. Nje rangi nne, ndani namba nane, chini yake maneno ya "bahati". Hapa Mfaranyaki huwa nawakunjia wakiniomba. Mchezo wenyewe si dhambi.

Ila juzi binti wa darasa la saba alifungua akakuta: "Utafeli." Wenzake wakacheka. Yeye akaniuliza pembeni, "Kaka, kwa hiyo nisisome?"

Nikamwambia tuhesabu. Nyekundu ina herufi 8, kijani 6, bluu 4. Zote zinagawanyika kwa mbili, kwa hiyo ukianzia upande uleule zinakuleta kwenye namba zilezile nne. Ni njano tu, yenye herufi 5, inayokupeleka kwenye nne nyingine. Na neno "Utafeli" liliandikwa na rafiki yake kabla yeye hajachagua chochote. Hakuna aliyeiona kesho hapo. Kuna hesabu, na mwandiko wa mtoto. Nenda kasome, mdogo wangu.

Tusimcheke. Sisi wakubwa tuna karatasi zetu: nyota za mwezi wa kuzaliwa, namba ya mganga iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, hata mkeka wa kubeti tunaoushika kama vile ndiyo mpango wa maisha. Mtu kamaliza chuo, ajira hakuna, mchumba kanyamaza. Akiambiwa "nyota yako imefungwa" anakopa hela ikafunguliwe. Hiyo kiu ya kujua kesho inauma kwelikweli, siidharau. Lakini Kumbukumbu la Torati 18:10-12 inakataza ramli, na Katekisimu namba 2116 inakataa kila aina ya uaguzi, ikiwemo unajimu na kusoma viganja, kwa sababu vinampunguzia Mungu heshima iliyo yake peke yake.

Utauliza: mbona hata Yesu anasema mambo yajayo? Heri Nane katika Mathayo 5:3-10 zimejaa faraja itakayokuja na rehema itakayopatikana. Ni kweli. Ila utabiri hauna mwenyewe. Ukikosea, huna wa kumdai. Ahadi ina mwenyewe. Aliyewaahidi faraja wenye huzuni alikwenda msalabani, na siku ya tatu akafufuka. Tena ahadi yake haikuachi umekaa unasubiri. Inakutuma: kasamehe, kapatanishe.

Sasa angalia: karatasi ina namba nane, na heri ziko nane. Jumamosi hii kunja na watoto karatasi mpya. Chini ya kila namba andika heri moja na kazi moja ya siku hiyo: mpelekee bibi maji, mwombe radhi uliyemtukana, gawana andazi na asiye nalo. Mtoto akifungua hatajua kitakachompata kesho. Atajua la kufanya leo, na nani anatembea naye.

Nawe kijana unayesubiri majibu ya kazi, andika yako moja, uiweke mfukoni.

Ee Bwana, kesho yetu iko mikononi mwako. Tufundishe kukuamini leo. Amina.