Je, neno 'kama lilivyo' linamtakasa muuzaji?

HUKO Uingereza wapo wanaokwenda minadani kugombea magari ya zamani ya mbio na starehe, kama MG na Jaguar. Kwetu Mbeya na Iringa magari hayo ni nadra kuonekana. Gari la Kiingereza tunalolijua sisi ni Land Rover, 109 au 110, lililochoka katika idara, shirika au misheni. Kiwanda cha Solihull kiliacha kutoa Land Rover za umbo hilo Januari 2016, hivyo anayelitaka leo hana budi kununua lililotumika.

Mnada wenyewe hauna tatizo. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi kitambaa na chombo cha kunywea vya Answari mmoja maskini. Mmoja akataja dirhamu moja, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Tatizo liko katika maneno mawili ya dalali: "kama lilivyo". Yaani ukishalipa, lawama hakuna.

Ndugu msomaji, itazame Land Rover yenyewe. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, haili kutu kama bati. Chasisi ni ya chuma. Kwa hiyo gari laweza kung'aa juu, na chini chasisi imeliwa, imepigwa kiraka na kupakwa rangi nyeusi. Mnunuzi haoni. Anayejua ni aliyelitumia na fundi aliyechomelea kiraka.

Wapo watakaosema: mnunuzi ni mtu mzima, amesikia sharti, ameridhia, na bei imekuwa ndogo kwa sababu hiyo. Hoja hii ina uzito, na wanavyuoni wa Kihanafi wamemruhusu muuzaji kujivua na aibu zote za bidhaa.

Lakini Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti la kutodaiwa aibu yoyote. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakuelezwa. Kesi ikafika kwa Khalifa Uthman (r.a.). Sharti lilikuwepo, lakini Uthman hakuishia hapo. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akarudishiwa mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1500. Kukataa kwake si ushahidi kwamba alijua, kwani wachamungu huogopa kiapo.

Uthman alitaka kujua muuzaji alikuwa anajua nini. Hapo ndipo ulipo mpaka. "Kama lilivyo" ni ulinzi kwa kasoro usiyoijua. Hata Madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, hayamvui muuzaji aibu anayoijua akainyamazia.

Jukumu hili halimhusu muuzaji peke yake. Sahaba Wathila bin Al-Asqa (r.a.) alimkimbilia mtu aliyekwisha kununua ngamia wa kupanda, akamweleza kwamba unyayo wa mnyama yule una tundu. Ngamia hakuwa wake, lakini aliona kwamba ajuaye aibu ya bidhaa hana ruhusa ya kunyamaza. Fundi na dereva wa idara wanaingia hapo.

Na hoja ya kuridhia, je? Gari lile kesho litabeba akina mama na magunia ya viazi kutoka Umalila kwenda Mbalizi, au litateremka milima ya Kilolo likija Iringa mjini. Abiria hao hawakuwepo mnadani. Hawakumsikia dalali, wala hawakuridhia lolote. Chasisi ikikatika mteremkoni, maneno "kama lilivyo" yatasemwa kwa nani?

Dawa si ngumu. Karatasi moja ibandikwe kwenye kioo: chasisi ina kiraka, breki za nyuma hazishiki. Baada ya hapo tangaza "kama lilivyo" kwa sauti upendavyo. Bei itashuka, naam. Lakini kiasi kitakachopungua hakikuwa haki ya muuzaji tangu mwanzo.

Wallahu a'alam.