Neno Lililochoshwa na Ahadi

Kiingereza kina kielezi kifupi kinachojulikana hata na mtoto anayeanza kujifunza lugha hiyo: soon. Leo maana yake ni karibuni, baada ya muda usio mrefu. Mtu akikuandikia kwamba anafika soon, hujui kama ubandike chai au uendelee na kazi zako. Lakini neno hili halikuzaliwa na ulegevu huo. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa Uingereza kabla ya karne ya 12, lilikuwa sona, na maana yake ilikuwa mara moja, papo hapo.

Kitu gani kililegeza neno lililokaza hivyo? Ni tabia ya binadamu. Watu waliahidi kufanya jambo papo hapo, kisha wakakawia. Waliowasikiliza wakazoea kwamba anayesema sasa ana maana ya baadaye, na kizazi baada ya kizazi maana ikafuata mwenendo wa wasemaji. Lugha hiyo ilikuwa na neno jingine, anon, lililotokana na maneno mawili ya kale yenye maana ya "katika moja", yaani kwa mkupuo mmoja. Nalo likachakaa. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Mfalme Henry wa Nne, sehemu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1598, yumo mtumishi wa kilabu cha pombe aitwaye Francis. Mwana wa mfalme anamshika kwa maongezi huku rafiki yake akimwita kutoka chumba kingine, naye anaitikia anon, anon, bila kutoka aliposimama. Mwishowe wanamwita wote wawili kwa pamoja, akabaki ameduwaa asijue aelekee wapi. Presently, iliyokuwa pia na maana ya mara moja, nayo kwa Waingereza ikawa baada ya kitambo. Maneno matatu, njia moja.

Je, sisi tumesalimika? Siku mbili kabla ya sikukuu nilimpigia simu fundi cherehani wangu asubuhi, akaniambia nguo yangu anaimalizia sasa hivi. Nilipofika adhuhuri, kitambaa kilikuwa bado kwenye mfuko niliompelekea nao, fundo nililolifunga mwenyewe halijaguswa. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Hakutaka nivunjike moyo, na "sasa hivi" ilimjia mdomoni kwa wepesi kuliko "bado sijaanza". Labda mzizi wa jambo uko hapo: tunaharakisha ahadi kwa kuogopa kumhuzunisha aliye mbele yetu. Lakini huo ni upole wa namna gani, ikiwa gharama yake ni saa za mtu mwingine? Na mzazi anayemwambia mwanawe "nakuja sasa hivi", kisha mtoto akasinzia mlangoni akimngoja, anamfundisha nini juu ya thamani ya neno?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Tukiusikia usemi huo, wengi wetu tunafikiria ahadi nzito: mahari, mkopo, kiapo mbele ya mashahidi. Safari ya soon inatuonyesha kwamba hata ahadi ndogo zina deni lake, na deni hilo likikaa miaka mingi bila kulipwa, hulipwa na lugha yenyewe. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kulidhoofisha neno la Waingereza. Kila mmoja alichelewa kidogo tu.

Kiswahili bado kina mara moja, bado kina papo hapo, na maneno hayo yangali na nguvu kwa anayeyatumia kwa haki. Kwa hiyo ukiulizwa leo utafika lini, taja saa. Ikiwa kazi hujaianza, sema hujaianza. Na ukitamka sasa hivi, inuka.