Je, Sheria ya Serikali Yatosha Kuwa Kipimo cha Dhambi?



Liko jambo moja ambalo wainjilisti na wazee wa kanisa hulikuta mara kwa mara katika baraza zao. Kijana ameonekana akivuta bangi. Huitwa, hukemewa mbele ya wote, hutengwa na Meza ya Bwana. Na watu husema ni haki, maana amevunja sheria ya nchi. Lakini baba arudiye nyumbani kila jioni akipepesuka, watoto wake wakijificha migombani, yeye huonywa kwa upole tu, pengine haonywi kabisa, kwa kuwa bia ni halali na ushuru wake umelipwa. Tena yuko mama asiyeweza kulala pasipo kidonge, na sasa hata viwili havimtoshi. Huyo hatajwi kamwe, maana alicho nacho chaitwa dawa. Wote watatu wamefungwa, nasi twamhesabu mmoja tu kuwa mfungwa. Je, katika baraza zetu twahukumu kwa Neno la Mungu, au kwa daftari la polisi?

Mtu asidhani kwamba nataka kuidharau sheria. Katika Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya yakataza kuilima bangi, kuiuza, kuwa nayo na kuivuta. Mkristo hana ruhusa ya kusema, “Mimi moyoni sioni ubaya,” kisha akafanya apendavyo. Mlango wa 13 wa Waraka kwa Warumi wamfunga. Lakini Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, alifundisha pia kwamba utawala huo una mpaka wake: huuzuia mkono wa mwovu, walakini hauifikii roho ya mtu. Fundisho hili la pili ndilo tunalolisahau. Serikali hutunga sheria kwa sababu nyingi: amani ya barabarani, fedha za ushuru, mapatano na mataifa mengine, na mara nyingine hofu za wakubwa. Haikupewa kazi ya kutuandikia orodha ya dhambi.

Tazameni habari za nchi zetu wenyewe. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana kuzuia pombe kali za kigeni zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na mwaka 1919 jambo hilo likakazwa katika mapatano ya Saint-Germain-en-Laye. Wamisionari wengi walifurahi, nao walikuwa na sababu. Lakini katika Tanganyika ya Waingereza, Mwafrika alikatazwa pombe kali ambayo Mzungu aliinywa klabuni mwake pasipo kuulizwa na mtu. Je, ini la Mzungu lilikuwa la chuma? Mpaka ule ulipigwa kwa rangi ya ngozi, haukupigwa kwa kipimo cha madhara. Mkristo wa siku zile kama angaliijenga dhamiri yake juu ya sheria ile, ingalimpasa kukiri kwamba kikombe kimoja ni dhambi mkononi mwa mweusi, tena si dhambi mkononi mwa mweupe.

Habari za bangi nazo zafanana na hizo. Mwaka 1893 serikali ya Waingereza iliweka tume huko India ili kuichunguza. Tume ile ilisikiliza mashahidi zaidi ya elfu moja, na mwaka 1894 ikaeleza kwamba madhara hutoka hasa katika kuitumia kupita kiasi, ikashauri itozwe ushuru na kuangaliwa kuliko kukatazwa kabisa. Hata hivyo mapatano ya Geneva ya mwaka 1925 yaliiweka chini ya ulinzi wa mataifa, na yale ya mwaka 1961 yakaubana ulinzi huo. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2018 Canada iliihalalisha. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima aitumiaye faraghani si mhalifu. Mwezi wa Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, ikaiondoa katika orodha ya vitu vya hatari kabisa, ingawa imebaki katika vitu vinavyodhibitiwa. Basi ikiwa sheria ndiyo kipimo cha dhambi, dhambi hii hufutika mtu apandapo ndege ya kwenda Toronto, nayo humrudia ashukapo Dar es Salaam. Nani awezaye kuyafundisha hayo katika darasa la kipaimara?

Mimi naona yafaa tupime kwa amri ya tano. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther aonyesha kwamba amri ile haikatazi rungu na kisu peke yake. Yatudai tusimdhuru jirani mwilini mwake, tena tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili. Kwa kipimo hiki, baba mwenye bia yake halali hana pa kujificha. Shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lililoko Lyon, tangu mwaka 1988, limehesabu vinywaji vya pombe kuwa katika kundi la kwanza la vitu viletavyo saratani: ya kinywa, ya koo, ya ini, hata ya matiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa kwa ajili ya pombe. Na hapo hatujahesabu ada ya shule iliyonywewa, wala mke aliyepigwa.

Bangi haimwui mtu kwa kuzidisha kipimo usiku mmoja kama pombe iwezavyo kuua. Lakini kijana ambaye ubongo wake haujakomaa, akiivuta kila siku, hasa ile yenye nguvu, hujiweka karibu zaidi na hatari ya kurukwa na akili. Tena kumbukumbu yake hudhoofika. Basi kumkemea ni haki. Kumkemea peke yake ndiko kulikopotoka.

Vidonge vya usingizi ni habari ya namna nyingine. Diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963, ni dawa njema mkononi mwa daktari. Huzuia degedege na kutuliza mtu mwenye hofu kuu. Lakini aimezaye kila usiku kwa majuma mengi, mwili wake huzoea na kudai zaidi. Akiichanganya na pombe, vyote viwili huipunguza pumzi, na mtu aweza kulala asiamke tena.

Najua ndugu zetu wa Kilimanjaro watauliza juu ya mbege, ya ndizi na ulezi, ambayo wazee waliipokezana katika kipeo tangu zamani. Mimi siandiki kwamba kila anywaye amekwisha kutenda dhambi. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na Katharina, mkewe Luther, alitengeneza bia nyumbani mwake Wittenberg. Lakini yule asemaye “ni desturi” na yule asemaye “ni halali” hufanana katika jambo moja: kila mmoja ameficha kikombe chake nyuma ya neno ili asiulizwe kimemfanya nini mkewe.

Wengine watasema, kama ni hivyo, sheria haina kazi. Sivyo. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya viroba, ile iliyouzwa kwa bei ndogo katika vifuko ambavyo mwanafunzi aliweza kuvificha katika soksi. Sheria hiyo naisifu bila haya. Walakini sheria huweza kukosa shabaha pande zote mbili. Marekani ilikataza pombe tangu mwaka 1920, ikachoka mwaka 1933, baada ya kuwatajirisha majambazi. Kenya kwa upande wake iliiruhusu chang’aa mwaka 2010, kwa sharti itengenezwe kwa usafi na kutiwa katika chupa. Hata hivyo mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka.

Sasa neno kwa wazee wa kanisa, nalo ni zito kuliko yote niliyoandika. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha kwa ghafula, aweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Mzee amwapishaye mlevi wa namna hiyo Jumapili mbele ya watu kwamba hatagusa tena tangu jioni ile, kisha akamwacha aende kulala peke yake, aweza kuivunja amri ya tano huku akiimba zaburi. Apelekwe hospitali kwanza, na mtu wa kukaa naye; kiapo kitangoja.

Kijana wa bangi aulizwe alianza lini, na nani, na kwa nini, kabla ya kutamkiwa adhabu yo yote. Na mama yule wa vidonge, yupo mmoja wetu aliyepata kumwuliza kwa nini hapati usingizi? Asiambiwe avitupe vidonge leo, maana hatari iliyo katika kuacha pombe ghafula imo na humo; daktari humpunguzia kidogo kidogo, kwa majuma au miezi. Safari za kwenda kwa daktari ni nyingi, na nauli si ndogo. Umoja wa wanawake waweza kuchagua wawili wa kufuatana naye, na sanduku la maskini laweza kulipa nauli.