Kikombe cha Eleusis, Kitita cha Igembe

Kwa zaidi ya miaka 1,000, Wagiriki walienda Eleusis, wakafunga, wakanywa kykeon ya shayiri na mnanaa, kisha wakakatazwa kusema walichokiona usiku ule. Mwaka 1978, Wasson, Hofmann na Ruck walidai siri ilikuwa kuvu ya nafaka. Ubishi haujaisha.

Huku Igembe siri hiyo hatuna. Kilichomo kwenye miraa kinajulikana: kathinoni. Lakini kitita kilichofungwa kwa majani ya mgomba kikipelekwa kwa kina msichana, ni posa. Wazee wakikipokea, mazungumzo yanaanza. Kikinunuliwa steji ya Maua saa tano usiku, ni handasi tu. Binamu yangu hutafuna peke yake mpaka alfajiri, simu mkononi. Jani ni lile lile.

Kwa hivyo kuuliza kikombeni mlikuwa na nini ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni: uliketi na nani?

Siwapambi wazee. Duara lao liliwaacha nje wanawake na vijana. Lakini ndani yake kulikuwa na mtu wa kukwambia, "Imetosha." Sisi tuliolivunja, kazi hiyo tumempa nani? Binamu yangu sijawahi kumwambia.