Je, Karama Hustaafu?



Katika kwaya nyingi liko swali linalosemwa pembeni, baada ya mazoezi, maana hakuna apendaye kumwambia mzee usoni. Mwimbaji aliyetumika miaka arobaini sasa sauti yake yatetemeka, na pumzi humwishia kabla ya mwisho wa ubeti. Je, aambiwe apumzike?

Tumeona vema kulitazama jambo hili kwa habari za mtu wa mbali, ili asiwepo kwetu wa kuona haya. Johnny Cash, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Arkansas, mtoto wa wakulima wa pamba. Mama yake alipoisikia sauti yake nzito alimwambia kuwa ni karama ya Mungu. Alianza kutoa santuri mwaka 1955, akapata sifa kubwa, na mwaka 1968 akawaimbia wafungwa katika gereza la Folsom, California. Hatumweki mbele yenu kama mtakatifu. Vidonge vya kulevya vilimteka. Aliinuka, akaanguka tena.

Mwaka 1986 kampuni kubwa aliyokuwa nayo tangu 1958 iliachana naye, kwa kuwa santuri zake hazikununuliwa tena kama zamani. Soko lilikwisha kutoa hukumu yake. Lakini baadaye mtayarishaji mmoja, Rick Rubin, mdogo kwake kwa miaka thelathini na moja, alimwomba aimbe na gitaa lake tu. Hakumdai sauti ya ujana. Santuri ile ya 1994 iliwafikia vijana wengi ambao walikuwa hawajazaliwa alipoanza kazi. Mei 2003 mkewe, June Carter, akafariki. Mzee yule, mgonjwa na mwenye huzuni, aliendelea kurekodi hata majuma machache kabla ya kufa kwake, Septemba 12 mwaka uleule. Mwaka 2004 zikatolewa peke yake nyimbo za dini alizozirekodi kutoka kitabu cha mama yake.

Huenda mtu akauliza: Je, Mungu hastahili kilicho bora? Nabii Malaki aliwakemea waliomletea Bwana wanyama vilema. Ni kweli, wala tusilipuuze neno hili. Lakini watu wale walikuwa na wanyama wazima zizini, wakawazuia. Mzee wetu hana sauti nyingine aliyoificha nyumbani. Atoa yote aliyo nayo, kama yule mjane wa senti mbili, ambaye Bwana wetu hakumwambia apishe matajiri.

Hata hivyo wazee nasi tuna la kujifunza. Cash hakung'ang'ania kuimba kama alivyoimba ujanani, tena alikubali nyimbo alizoletewa na kijana. Mzee anayeshikilia ubeti wa peke yake kila Jumapili, asiwape nafasi wanaoinuka, ameigeuza karama kuwa mali yake. Karama ni amana. Mwenyewe ni Mungu.

Basi tumuulize mzee wetu kwa heshima: sauti uliyo nayo leo, Bwana anaihitaji wapi? Kitandani kwa mgonjwa haitakiwi sauti kubwa. Kwenye msiba, sauti inayotetemeka huwafariji wafiwa, kwa kuwa yafanana na mioyo yao. Tena ziko nyimbo ambazo vijana wetu hawajui namna ya kuziimba, na mzee akizikwa kabla ya kuwafundisha, amezikwa nazo.

Soko humwacha mtu asiyeleta faida tena. Sisi tuliobatizwa katika mwili mmoja hatuna ruhusa ya kufanya hivyo. Mwandishi wa Zaburi ya 71 alimwomba Mungu asimtupe wakati wa uzee. Ombi lile tutaliomba sote, tukijaliwa siku. Na tujihadhari, tusije tukamtupa leo yule ambaye Mungu amekubali kubaki naye.