Diploma siyo kupotea njia

Kijana wa Njombe, ukienda Dar unapita Makambako, na hakuna anayekuambia umepotea. Mbona basi uliyepitia diploma unaona aibu, eti wenzako wa kidato cha sita wako UDSM tayari? Mlango upo: GPA ya 3.0 na kuendelea unaruhusiwa kuomba shahada, ingawa nafasi ni chache. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alisoma Kilatini Barcelona mwaka 1524, mtu mzima katikati ya watoto; mwaka 1528 akaingia Chuo Kikuu cha Paris. Soma, sali, omba chuo. Jina lako likikosekana kwenye orodha ya waliochaguliwa, kwa Mungu halijafutwa: ulikuwa mwanawe kabla hujawa mwanachuo. Amina.